Siku Niliyomwita Mwenye Bunduki Mkwe Wangu

Nimesimama, lakini naomba kiti kibaki hapa karibu. Mkiona mikono yangu inatetemeka msidhani ni uzee. Ilianza zamani, wakati nilikuwa bado nabeba debe la maji kichwani na mtoto mgongoni. Kina mama wa kundi letu, mmeniita mbele ya kanisa niseme jinsi Mungu alivyonitoa shimoni, na nitasema, ila sitataja jina la mtu hata mmoja. Wengine bado wako hai, na wengine watoto wao wako humu ndani wananikodolea macho. Mume wangu ameketi pale upande wa wazee. Amekubali niseme, lakini namjua, saa hii anaangalia viatu vyake.

Ninyi vijana hamjui miwa ilivyoingia huku kwetu. Kiwanda kilipoanza kusaga, watu walishikwa na wazimu wa furaha. Trekta zilipita asubuhi mpaka jioni zikivuta matela, barabara yote ikawa maganda ya miwa. Mtu aliyelala kwa nyumba ya nyasi mwaka huu, mwaka ujao unamkuta juu ya paa anapigilia mabati. Sisi nasi hatukutaka kuachwa nyuma. Afisa wa miwa alikuja na kamba yake ya kupimia, mtu mpole, akaniambia, "Mama, acheni kipande cha mahindi na mboga, hata kidogo." Mume wangu akanitazama. Nikamwambia afisa, "Pima yote. Unga tutanunua."

Mnacheka. Chekeni tu, nyinyi ambao mama zenu walisema hivyo hivyo.

Mavuno ya kwanza yalitupa nyumba. Nyumba ya udongo, sawa, lakini juu mabati, mapya, yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Nilikuwa natokanga nje kuyaangalia bila sababu. Mvua ikinyesha nilinyamazisha watoto ili nisikie inavyogonga. Nawaambia ukweli, niliyapenda yale mabati kuliko nilivyopenda watu wengine wa ukoo nilikoolewa.

Lakini miwa si mahindi. Unapanda leo, unangoja karibu miaka miwili. Zamu ya pili ilikomaa, tukangoja kibali cha kukata kutoka kiwandani, kibali hakikuja. Miwa ikasimama pale mpaka ikaanza kukauka. Tulikuwa na shamba limejaa sukari na jikoni hakuna obusuma, hata ugali wa mtoto mmoja. Nilikuwa natuma msichana wangu mkubwa, wakati huo ana miaka kumi na minne, aende kwa majirani na bakuli kuomba unga. Anarudi nalo tupu, analiweka mezani polepole lisitoe sauti, ili wadogo zake wawili wasijue amefika.

Na ile miwa ilikuwa imefika mlangoni. Tulipanda mpaka ukutani, si nilisema apime yote? Ukifungua dirisha majani yanaingia. Ukisikia kitu kinatembea mle ndani, hujui ni mbwa, hujui ni mtu. Hofu yangu ilianzia hapo, kwa miwa yangu mwenyewe.

Basi kulikuwa na mwanaume mmoja aliyewahi kukata miwa pamoja na mume wangu, akahamia Uganda, upande wa Busoga. Akaja kutembea. Alikuja na ndizi na hadithi. Ardhi ng'ambo ni nyeusi, shamba kubwa bei ya kuku, ukitupa maharagwe yanaota yenyewe. Mume wangu alimsikiliza, akasema, "Lakini ng'ambo kuna watu wenye bunduki barabarani." Yule mgeni akasema hao hawasumbui mtu na familia yake.

Ndugu zangu, mume wangu hakutaka kwenda. Hilo nataka lisikike leo, kwa sababu kwa miaka mingi watu wa kijiji hiki wamesema ni yeye alitupeleka. Ni mimi. Nilimsema asubuhi, nikamsema jioni. Nilimuuliza ni mwanaume gani anaona watoto wanalala njaa na anaogopa barabara. Alipochoka, alikubali. Tulimkodisha jirani mwenye trekta shamba lote kwa misimu mitatu ya miwa, na kwa pesa hiyo tukapata lori.

Alikuwa na ombi moja tu. "Mabati tuyaache. Nyumba ibaki imesimama." Nikamwambia, ukiacha mabati maana yake unataka kurudi. Nikaita fundi. Siku ile yalipong'olewa nilikaa chini nikiyahesabu yakishuka, na nyumba yangu ikabaki inaangalia mbinguni. Jirani mmoja wa kike alipita, akasimama. "Mnang'oa paa la mwanaume ambaye hajafa?" Nikamwambia ashughulike na paa lake. Kwetu nyumba haivuliwi kichwa mwenyewe akiwa hai. Nilijua. Nilijua na nikaendelea kufunga kamba.

Tulibeba kila kitu. Vitanda, magodoro, baiskeli, jiwe la kusagia, kuku, mpaka kifuniko cha sufuria ambayo ilishatoboka. Tukavuka mpaka saa nne asubuhi. Karatasi zilikuwa sawa, mizigo wakaitazama, wakatuacha. Nikamwambia mume wangu, "Umeona?" Aliendelea kutazama barabara.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa gogo limelazwa barabarani. Watu wenye bunduki, wengine na suruali za askari na shati la nyumbani, wengine na kofia ya jeshi na miguu mitupu. Mpaka leo sijui walikuwa watu wa nani. Dereva wetu, mtu wa huku huku, akatuambia kwa sauti ya chini tusiwaangalie machoni. Mmoja wao akauliza, "Nyinyi natoka wapi?" Mume wangu akasema. Akauliza tena, "Mnakimbia nini?" Hawakungoja aseme. Walichukua kuku wote na baiskeli, wakasogeza gogo.

Kizuizi cha pili walishusha mabati. Si yote, nusu. Waliyaburuta kwa lami na ile sauti, jamani, ilinikata meno. Nilifungua mdomo niseme, mume wangu akanikanyaga mguu. Nikameza mate. Nikajiambia nusu inatosha kuanzia.

Cha tatu wakachukua mabati yaliyobaki na godoro moja. Sasa nilianza kuelewa jambo. Kila mahali tulipofika walichukua kilichokuwa kizuri kuliko vyote. Mabati yamekwisha. Nikageuka kuangalia nyuma ya lori ni nini kizuri kimebaki, na nikamwona msichana wangu ameketi juu ya vitanda, ameshika jiwe la kusagia lisiporomoke, upepo unampiga usoni.

Nilimwambia dereva ageuze. Nasema mbele yenu na mbele ya Mungu, nilimwambia. Dereva akasema kugeuza ni kurudi kwa wale wale, na mkono mtupu. Nikamwambia msichana alale katikati ya magodoro, ajifunike. Nilikuwa bado namfunika tulipoona gogo la nne.

Ilikuwa saa sita, jua liko utosini, hakuna mti, hakuna nyumba, shamba la mihogo tu pande zote. Walikuwa watano. Walimshusha mume wangu wakamlaza kifudifudi kwenye vumbi, mmoja akamwekea bunduki mgongoni. Mimi na wale wadogo tukaambiwa tukae chini. Wakapanda juu, wakaanza kurusha vitu. Godoro la kwanza likaanguka. Godoro la pili likainuliwa, halafu kimya. Mnajua kimya cha wanaume ambao wameona kitu?

Wakamshusha. Mmoja, kijana mrefu mwenye kovu kidevuni, alikuwa amemshika kifundo cha mkono. Hakulia, mtoto wangu. Aliniangalia tu. Mimi nilijikojolea. Mchungaji anisamehe, lakini nimeambiwa niseme ukweli, na ukweli ni kwamba mkojo ulinitoka nimekaa pale chini na sikuweza kuuzuia. Nilitaka kuomba, na maneno yote ya maombi niliyofundishwa tangu utoto yalinitoroka.

Yule mwenye kovu akacheka, akawaambia wenzake, "Twende na vitu. Huyu anabaki. Huyu nitamwoa mimi."

Hakusema kwa Kiswahili. Alisema kwa lugha ambayo ni jirani kabisa na yetu, ile ya watu wa mpakani, mpaka mimi niliyezaliwa mbali na mpaka nilisikia kila neno. Nikajua huyu ni mtoto wa mama anayepika na kuzika na kuoza binti kama sisi. Na amesema nini? Amesema ataoa.

Kwa wageni walio hapa nieleze. Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawakaribiani. Wakikutana njiani, yeye anaingia majanini mpaka mama apite. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaketi kiti kimoja. Mkwe akimgusa mama mkwe wake, hilo ni balaa kubwa, na wazee walisema mwili unaanza kutetemeka na hautulii mpaka utakaswe. Siku hizi naona mnapiga picha pamoja mmekumbatiana. Wakati ule, mwanaume asiyeogopa risasi alikuwa anaogopa hilo.

Sikufikiri. Msije mkadhani nilifikiri. Nilijikuta nimesimama, nguo yangu imelowa, na mdomo wangu unasema kwa lugha yetu, "Mkwe wangu!"

Akageuka.

"Umesema utamwoa. Nimesikia, na wenzako hawa wamesikia. Mimi ndiye niliyemzaa. Njoo basi unisalimie." Nikanyoosha mikono yote miwili nikamwendea.

Bunduki yake ilikuja juu, nikauona ule mdomo wake mweusi unaniangalia kifuani. Nikaendelea kwenda. Miguu haikuwa yangu. Akapiga kelele, "Mama, simama hapo!" Ameniita mama! "Siwezi kusimama, mkwe wangu," nikamwambia, "nimefurahi mno. Njoo nikukumbatie, wewe ni mtoto wangu sasa." Nikawa nimebakiza hatua tatu, mbili. Naye akaruka nyuma. Akaachilia ule mkono, akavuta kofia akafunika uso, na bunduki yake yote akaingia kwenye mihogo, vile vile mkwe anavyoingia majanini.

Wenzake wakacheka. Mmoja akamwita, "Kimbia, mwenye mke, mama mkwe amekuja!" Wakacheka mpaka mmoja akashika magoti. Kile kicheko ndicho kilinitisha kuliko bunduki, kwa sababu mtu akichekwa mbele ya wenzake hujui atafanya nini kuonyesha yeye ni mwanaume. Nilikuwa nimeshamshika msichana. Yule aliyekuwa mkubwa wao, mwenye mvi kidogo, hakucheka. Aliniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye ile nguo iliyolowa. Akasema kwa Kiswahili, "Mama, chukua watoto yako, chukua mzee, rudi ulikotoka. Rudi saa hii, kabla hajatoka huko."

Dereva alikuwa ameshageuza lori na ameenda na kila kilichobaki juu yake. Simlaumu. Wiki mbili baadaye alinifikishia sufuria zangu mpaka kijijini, akashindwa kuniangalia usoni.

Tukaanza kutembea. Niliwaambia watoto, msikimbie. Ukikimbia, mtu mwenye bunduki anakumbuka ana bunduki. Tulitembea polepole kama watu wanaotoka kanisani, na mgongo wangu wote ulikuwa unangoja risasi. Nilikuwa nasikia ngozi inajikunja hapa, katikati ya mabega. Mpaka leo lori likipita nyuma yangu ngozi ile inajikunja. Mume wangu alikuwa anatembea nyuma yetu sote, kwa makusudi, na vumbi limemjaa mdomoni.

Kuna mwanamke aliyekuwa anauza ndizi kandokando ya ile njia. Alituona tulivyo, hakuuliza kitu. Alifunika ndizi zake, akambeba yule mtoto wangu mdogo, akatupitisha kwenye vijia vya mashambani mbali na vile vizuizi, mpaka karibu na mpaka. Hapo akamshusha mtoto, akanipa ndizi nne, akarudi. Sikumuuliza jina. Kila ninapomshukuru Mungu nashindwa nimtaje nani.

Tulifika nyumbani siku ya pili jioni, na nyumbani hakukuwa na nyumbani. Jirani mwenye trekta hakungoja, alikuwa ameanza kulima siku ile ile tulipoondoka, kuanzia uani kwetu. Mbona asilime, tulimpa kwa mkono wetu. Kuta alizisukuma, na pale palipokuwa jiko langu, mistari ya miwa. Nilisimama pale nikitafuta mahali hasa nilipokuwa naweka sufuria na sikupaona.

Hapo ndipo nilianguka kweli, si kule kizuizini. Yule jirani wa kike niliyemwambia ashughulike na paa lake ndiye aliyetupokea. Alitupa jiko lake, tukalala watano chini kwenye majivu, na hakunikumbusha hata siku moja nilivyomjibu. Mimi nililala tu, siku baada ya siku. Sikuoga, sikuchana nywele. Msichana wangu hakusema neno kwa wiki nyingi, na alipoambiwa arudi shule alifika kwenye miwa, akasimama, akarudi. Njia ya shule ilipita katikati ya miwa, mnajua, mita mia kadhaa huoni mtu. Alikuwa anasimama pale mwanzo wa njia anatetemeka kama mimi.

Kina mama wa kundi hili, wengine mmelala kaburini na wengine mko mbele yangu mmezeeka vibaya, nyinyi mlifanya nini? Mlijipangia zamu. Kila asubuhi wawili wenu mliacha kazi zenu mkaja, mmoja anatangulia, mwingine nyuma, na yeye katikati, mkiimba kwa sauti mpaka kila aliye ndani ya ile miwa ajue kuna watu. Mchana mnamfuata tena. Mvua, jua, msimu mzima wa masomo. Siku ya kwanza aliyofungua mdomo, alikuwa anawaambia mnaimba vibaya.

Basi aliporudi kuongea, na mimi nikaoga.

Wifi yangu alitutumia gunia la mahindi kutoka Mautuma, na jingine, na jingine. Jirani mwenye trekta alikuja mwenyewe bila kuitwa, akang'oa mistari ya miwa pale penye jiko, akasema mkataba ni mkataba lakini mtu hawezi kupika kila siku kwenye jiko la watu. Tukajenga kibanda cha nyasi. Misimu ile mitatu ikaisha, shamba likarudi, na tulipopanda tena mume wangu alipima kipande cha mahindi kwanza, kikubwa, akaweka ua. Nilisimama kando nikishika kamba.

Nakushukuru wewe, baba watoto. Angalia juu kidogo. Hukuwahi kuniambia "nilikwambia." Watu walikucheka kwenye vilabu kwamba mke wako alisimama wewe ukiwa umelala chini, na hukuwaambia kwamba wewe ndiye uliyekataa safari. Ulininyamazia nisiaibike. Leo nimeisema mimi.

Nilitaka kuishia hapo. Nimeisimulia hadithi hii mara nyingi jikoni, na kila mara inaishia kwa yule kijana anaingia kwenye mihogo, watu wanacheka, wananiita shujaa. Lakini juzi nilimwambia msichana wangu, ambaye sasa ni mama wa watu na hayuko mbali na mlango ule, kwamba nitasimama hapa. Akaniuliza kitu ambacho hakuwahi kuniuliza.

"Mama, na kama hangesema ataoa?"

Akaniuliza tena, bila hasira, anakunja nguo za watoto. "Kama angesema tu nibaki, basi. Ungefanya nini?"

Sijui, ndugu zangu. Nimetafuta usiku na mchana na sina. Mwanangu yuko hai kwa sababu mtu mbaya aliteleza kwa neno moja. Nilikuwa nahesabu gharama ya kuhama kwa mabati na vitanda, na gharama yenyewe ilikuwa imeketi juu ya lori imeshika jiwe la kusagia, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda. Ukitaka kuhama, hama, sikatazi mtu. Lakini muulize kwanza yule ambaye hawezi kukataa.

Nilimwambia hivyo hivyo, kwamba sijui. Akamaliza kukunja nguo. Akasema, "Basi ukisimama pale, usiwaambie tu kwamba uliniokoa. Waambie pia ni wewe ulinipeleka."

Nimewaambia, mwanangu.